Mama Mkwe na Ratiba ya Maji Moto

Wandugu, leo aibu imenikuta nyumbani kwangu mwenyewe, nikiwa nimevaa suti na tai, asubuhi ya Jumapili.

Naandika nikiwa ndani ya gari. Haliendi popote. Nimejifungia tu, kwa sababu ndani ya nyumba kuna wanawake watatu, na kila nikipita sebuleni mmoja wao anashikwa na kikohozi cha kuficha kicheko. Wacha niwaeleze pole pole, labda na mimi nitaelewa, maana hadi sasa kuna mahali kichwa changu kimekataa.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu. Nafundisha Kiswahili na dini katika shule moja ya bweni ya wavulana upande wa Ruiru, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa mwalimu wa mabweni. Maana yake ni kwamba Jumatatu hadi Ijumaa nalala shuleni, halafu wikendi narudi kwangu Ngoingwa, kwa mke wangu Mama Shiru na binti yetu Shiru. Shiru yuko kidato cha pili, shule ya kutwa hapa Thika. (Nilikataa aende bweni. Mimi najua bweni.)

Sasa, kama kuna kitu mwalimu wa mabweni anakijua, ni maji moto. Shule yetu ina boila la kuni, jeusi, kubwa, limesimama nyuma ya jikoni. Mpishi analiwasha alfajiri, linachukua saa mbili kupata joto, na lina tanki moja. Tanki moja, wavulana mia nne! Bila ratiba, bweni la kwanza linaoga kama wafalme na bweni la mwisho linaoga machozi. Kwa hiyo nina ratiba, nina saa ya mkononi, nina filimbi. Miaka kumi na mmoja, hakuna bweni lililokosa maji moto kwa zamu yangu. Watu wengine wana digrii tatu. Mimi nina hiyo.

Miezi minane iliyopita Mama Shiru alisema amechoka kuchemsha maji kwa sufuria. Akaita fundi. Fundi akaja siku ya Jumanne, mimi nikiwa kazini, akaweka ile inaitwa instant shawa. Mnaijua: kichwa cheupe cha plastiki kimening'inia juu bafuni, kina kitufe cha kuchagua baridi, vuguvugu au moto, na waya unaenda hadi kwenye swichi kubwa iliyo nje, ukutani mwa korido, yenye taa nyekundu. Niliporudi Ijumaa nikaikuta. Hakuna aliyenieleza inavyofanya kazi, na mimi sikuuliza. Mimi, mtu wa boila, niulize watu habari ya maji moto?

Jumamosi asubuhi nikaingia kuoga. Maji yakaja moto, mazuri, nikafumba macho. Kule jikoni Mama Shiru alikuwa anaosha vyombo huku akiimba. Dakika ya tatu, ghafla, baridi! Nikasimama pale na sabuni mwili mzima, nikafikiria kitaalamu. Nikasema: tanki limeisha. Baada ya muda yakarudi moto. Nikasema: tanki limejaa tena. Tanki lenyewe sikuliona, lakini bomba lilikuwa linatoka juu, kwa hiyo nikaamua liko ndani ya dari. Na ni dogo. Tanki la dakika tatu na ushee.

Jioni hiyo hiyo niliandika ratiba nikaibandika kwenye mlango wa bafu. Swichi iwashwe nusu saa kabla ya mtu wa kwanza, ili maji yapate joto. Kila mtu dakika nne. Katikati ya mtu na mtu, dakika kumi za tanki kujaa. Na mtu akiwa anaoga, mfereji mwingine wowote usifunguliwe. Nilipiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu.

Na ilifanya kazi! Hapo ndipo naomba mnielewe. Tangu siku ile maji hayakuwahi tena kumgeukia mtu. Ungekuwa wewe ungebisha?

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichonisumbua. Boila la shule ukitoa kuni, maji yanabaki vuguvugu hadi mchana. Hili letu ukizima swichi, pap, baridi ya milima ya Aberdare. Nililifikiria hilo wiki mbili. Nilikuwa nasimama mbele ya darasa nafundisha ngeli huku nafikiria tanki. Mwishowe nikaamua kwamba swichi ndiyo inayofunga mlango wa tanki. Nikalala vizuri.

Na mimi mwenyewe? Mimi nilijipanga mwisho, na nikiingia nasukuma kile kitufe hadi kwenye baridi. Miezi minane. Julai ya Thika mnaijua. Nilikuwa natoka pale meno yanagongana, lakini moyoni nina amani kwamba nimewaachia watu wangu maji moto. Sikumwambia mtu. (Nilidhani siku moja watagundua wenyewe, wanishukuru. Nilikuwa hata nimepanga nitakavyojibu.)

Sasa tuje kwa mama mkwe.

Mama mkwe anaishi Mwiki, kule Ruiru, peke yake tangu mzee atutoke. Ni mama wa heshima, mkimya, anakutazama kwanza halafu ndiyo anaongea. Mwezi uliopita alikuwa amebeba karai la maji moto kutoka jikoni kwenda kuoga, akateleza. Maji yakammwagikia mguuni. Amepona, Mungu ni mwema, lakini Mama Shiru hajalala usingizi wa maana tangu siku hiyo. Simu ikilia anaruka. Amembembeleza mama yake ahamie kwetu, chumba cha wageni kiko tu, na kila mara jibu ni lile lile: "Mimi siwezi kaa kwa mtu ya kunipangia."

Mimi ndiye niliyemlainisha. Nilimpigia simu mwenyewe. "Mami," nikamwambia, "huku kwetu maji moto iko kwa ukuta. Hakuna karai, hakuna kubeba." Kisha akasema, "Nitakuja nilale siku moja nione. Nikipenda, nitakaa. Nikikosa kupenda, mtu asinibembeleze tena."

Mmeona kilichokuwa mezani? Siku moja. Akipenda, mke wangu analala. Asipopenda, anarudi Mwiki kwa karai lake, na sisi tunarudi kuruka kila simu ikilia.

Jana nikaenda kumchukua. Alikuja na kamkoba kadogo, gauni moja la kanisani na Biblia. Jioni Mama Shiru akanivuta jikoni. "Baba Shiru, nakuomba. Kesho tusifuate hiyo karatasi yako."

"Hiyo karatasi ndiyo itafanya mama yako apate maji moto!" nikamjibu.

Akanitazama. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaendelea kukata sukuma wiki.

Lakini mimi si mtu mgumu. Kwa heshima ya mama mkwe nilibadilisha ratiba. Nilimpa nafasi ya kwanza, tanki likiwa limejaa, na nikampa dakika saba badala ya nne. (Saba! Hata mwalimu mkuu wangu singempa saba.)

Leo nimeamka saa kumi na moja. Nikaoga kwanza, nje ya ratiba, baridi kabisa, ili tanki lote libaki la mgeni. Nikavaa suti, nikafunga tai. Nikawasha swichi, taa nyekundu ikawaka. Tulikuwa tunaenda ibada ya kwanza, saa mbili, kwa hiyo hesabu zangu zilikuwa kamili. Saa kumi na mbili barabara nikagonga mlango wa chumba cha wageni.

"Mami, maji iko tayari."

"Niko kwa maombi, Mwalimu," akajibu kutoka ndani.

Nikangoja. Nikatembea korido nzima, nikarudi. Dakika tano. Dakika nane. Nikawa nawaza tanki limejaa hadi juu, linachemka bure, na siwezi kumwambia mama mkwe aharakishe Mungu. Nikaona presha inanipanda, heri nitoke nje nipanguse gari. Nikapita jikoni. "Mama Shiru, mimi niko nje. Fuateni karatasi."

"Sawa," akasema, bila kugeuka.

Nikapangusa gari. Nikapangusa hata magurudumu. Niliporudi ndani ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane, na bafu lilikuwa na mtu. Nikatazama karatasi. Mama mkwe, tayari. Mama Shiru, tayari. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja: Shiru. Kwa upenyo wa chini ya mlango nikaona ndara za Shiru, zile za waridi. Kila kitu kilikubaliana. Ila dakika nne zilikuwa zimeisha zamani, na maji bado yalikuwa yanatiririka kama ya mto.

Nikagonga. "Wewe! Muda umeisha!"

Maji yanaendelea.

Nikasikia kikohozi. Kikohozi kizito, cha mtu mzima. Nikajiambia, unaona sasa? Mtoto ameshapata homa kwa kukaa kwa maji.

"Nimesema muda umeisha! Ibada inatungoja!"

Badala ya kutoka, akaanza kuimba. Wimbo wa kanisa wa zamani, wa Kikuyu, kwa sauti ya chini, pole pole, bila haraka yoyote duniani. Hapo nikaudhika. Shiru Kikuyu chake ni cha kununulia ndizi sokoni, hajui hata mstari mmoja wa wimbo huo. Nikajua anaiga shosho yake, yaani nyanya yake, ili kunikejeli. (Sasa hivi mnaona jinsi akili yangu ilivyokuwa inafanya kazi kwa bidii.)

Nikatoa sauti ya bweni. Wanafunzi wangu wa zamani mlio humu mnaikumbuka. Ni ile ya kutoka tumboni.

"Unafikiri hapa ni kwa shosho yako Mwiki? Mahali mtu anakaa kwa maji hadi ngozi inakunjika?"

Wimbo ukakatika. Nikafurahi. Nikasema, hapo nimempata.

"Na ukitoka hapo unapiga magoti kwa hii korido! Nahesabu hadi tatu! Moja! Mbili!"

Sikufika tatu. Nilinyoosha mkono, nikazima swichi. Taa nyekundu ikafa.

Sauti iliyotoka mle ndani sijawahi kuisikia kwa mtoto wa kidato cha pili.

"UUUUWI! Ngai wakwa! Mungu wangu, nimekufa!"

Na wakati huo huo, nyuma yangu, mtu akasema, "Dad, unaongelesha nani?"

Nikageuka. Shiru alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni, amevaa rinda la kanisani, nywele zimebanwa, mandazi mkononi.

Nikamtazama Shiru. Nikatazama mlango. Nikatazama karatasi. Kwa karatasi, Shiru alikuwa ndani anaoga. Kwa macho yangu, Shiru alikuwa nje anakula mandazi. Wandugu, sitawaficha: kwa sekunde kama tano hivi, niliiamini karatasi.

"Wewe si uko kwa bafu?" nikamuuliza.

"Mimi? Nilioga kitambo, Shosho akiwa kwa maombi. Huyo ni Shosho, nimempa ndara zangu."

Mimi ndiye mtu ambaye mbele ya mama mkwe hata soksi sivui. Mimi ndiye mtu ambaye akija nasimama hadi aketi. Nilishikilia ukuta.

Kutoka ndani ya bafu, kwa sauti tulivu kabisa, nikasikia, "Mwalimu."

"Naam, Mami."

"Nitoe sabuni kwanza, ama nipige magoti nayo?"

Chuo cha ualimu hawafundishi jibu la swali hilo. Nikasema kile kitu pekee nilichokuwa nacho kichwani. "Mami, pole sana. Maji ndiyo imeisha. Ngoja dakika kumi hivi, tanki ijae."

"Dakika kumi? Na sabuni imeingia kwa macho?"

"Kumi pekee, Mami. Ama nane."

Mama Shiru akatokea mbio kutoka chumbani, kiatu kimoja mguuni. Akaniona. Akaona swichi. Alipitisha mkono wake mbele ya tai yangu, akaiwasha.

Nikamwambia, "Usiwashe sasa, bado haijaja..."

"Eeh, sasa iko sawa," ikasema sauti kutoka ndani. "Imekuwa moto kabisa. Asante."

Sekunde tatu! Tanki limejaa kwa sekunde tatu! Nikatazama dari. Nikatazama saa yangu. Nikaigonga kidogo, maana saa pia huharibika.

"Haiwezekani," nikasema.

Mama Shiru akashusha pumzi. "Baba Shiru, hakuna tanki."

"Hakuna tanki wapi?"

"Hakuna. Haijawahi kuwa."

"Kwa hivyo maji moto inakaa wapi?"

"Haikai!"

Shiru akameza mandazi yake. "Dad, ni coil tu, waya ya kuchemsha, iko ndani ya hiyo kichwa. Kama ile heater watu huweka kwa ndoo. Maji ikipita, inachomwa hapo hapo ikitoka. Ikikosa kupita, inajizima. Hata ukiwasha swichi kutoka jana haifanyi kitu. Inangoja ufungue maji."

Nusu saa yangu. Miezi minane ya kuamka saa kumi na moja kuwasha kitu ambacho kilikuwa kinaningoja mimi.

"Na ile siku ya kwanza?" nikauliza. "Ilikuwa baridi dakika ya tatu. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani."

"Ni mimi," akasema Mama Shiru. "Nilikuwa nimefungua mfereji ya jikoni, naosha vyombo. Presha ikaenda chini, ikajizima. Nilipofunga ikarudi."

Mtu mwenye busara angekubali hapo, aombe msamaha, aende akasubiri kwenye gari. Mimi nilileta stuli. Kwenye dari ya korido kuna kale kamlango ka mafundi, karibu kabisa na bafu. Nikapanda na suti yangu, nikasukuma kifuniko, nikaingiza kichwa, mabega na mikono, mmoja ukiwa na tochi ya simu. Mtu hawezi kuambiwa tu hivi hivi.

Niliona bomba moja. Niliona waya. Niliona kopo la rangi lililosahauliwa na mafundi na buibui aliyeniangalia kama mgeni asiyepiga hodi. Nilimulika kila kona. Nilipojaribu kugeuka nimulike nyuma ya bomba, stuli ikateleza.

Kwa hiyo nikabaki nimening'inia kwa viwiko, nusu dari, nusu korido. Na hapo, katika wakati wote uliopo duniani, ndipo nikasikia mlango wa bafu unafunguka.

Ndara zikapiga hatua mbili, zikasimama.

"Mwalimu ameenda wapi?" akauliza mama mkwe.

"Ako juu, Shosho," akasema Shiru. "Anatafuta tanki."

"Amepata?"

"Bado."

"Haya," akasema mama mkwe. Ndara zikaenda zake. Ndipo Mama Shiru akarudisha stuli chini ya miguu yangu, nami nikashuka nikiwa nimefumba macho, utando wa buibui kwenye masikio, vumbi la dari kwenye suti ya kanisa.

Hapo ningefaa kunyamaza. Lakini kuna swali lilikuwa linanikwaruza, nikaliuliza. "Na katikati ya wiki, mimi nikiwa shule, huwa mnafuata karatasi?"

Mama na mtoto wakatazamana.

"Dad," akasema Shiru, "katikati ya wiki mimi huoga hadi kioo inapotea kwa mvuke."

"Tulikuwa tunafuata wikendi tu," akasema Mama Shiru haraka haraka. "Ni siku mbili. Hatukuona ni kitu. Ile siku ya kwanza nilikuwa nimekuja kukuambia, nikakupata na rula. Ulikuwa na furaha sana, Baba Shiru. Nikashindwa nianzie wapi. Halafu wiki ikapita, mwezi ukapita, ikawa ni mbaya kukuambia kuliko kunyamaza."

Wandugu, niliona picha yote. Mtu mzima amesimama kwenye korido na saa, anasimamia foleni ambayo haipo, ya maji ambayo hayaishi. Na foleni yenyewe inamhurumia.

Ikanitoka. Sikupanga. "Na mimi nimekuwa nikioga baridi ili yenu isiishe!"

"Baridi gani?" akauliza Mama Shiru.

"Baridi ya baridi! Kila wikendi! Nasukuma kitufe mpaka mwisho! Nilikuwa nawaachia!"

"Hata Julai?"

"Hata Julai!"

Mama Shiru akakaa kwenye stuli. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akafunika uso kwa kitambaa, akacheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. "Mimi nilifikiria unapenda baridi," akasema. "Nilikuwa nawaambia wamama wa kanisa, bwanangu ni mtu wa baridi." Akaanza kunipangusa buibui masikioni. Nilijisikia mjinga, na nilisikia uchungu, na pia nilisikia vizuri kidogo kwa sababu ya kule kupanguswa. Sijui niviweke vipi hivyo vitatu pamoja.

Tulienda kanisani. Mama mkwe alikaa nyuma ya gari na Shiru, hakusema kitu kuanzia getini hadi kiti cha kanisa. Kwa kioo nilimwona anatazama nje tu. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nafikiria karai. Nilikuwa nafikiria sakafu yake ya Mwiki, ile nyekundu ya kupigwa rangi, inayong'aa hata ikiwa kavu. Kwa ajili ya dakika nne zangu yule mama angerudi kubeba maji moto juu ya sakafu ile.

Tulipofika nyumbani tukala chakula. Nikaweka kijiko chini. "Mami, nimekosa. Nilikuzimia maji. Nikasema mambo mabaya ya kwako Mwiki."

"Na ya ngozi," akasema.

"Na ya ngozi, Mami. Nisamehe. Ile karatasi nimeitoa, nimeichana. Oga vile unataka. Oga hata mara tano kwa siku."

Alimaliza chakula chake bila haraka, akapangusa mikono, akamgeukia binti yake. "Mnipeleke Mwiki leo. Sio kesho. Leo, kabla jua kushuka."

Mama Shiru akatazama sahani yake. Mama yake alikuwa amesema asibembelezwe tena, naye hakumbembeleza. Mimi nilitaka meza initafune. Shiru peke yake ndiye aliyekuwa na ujasiri. "Lakini Shosho, si ulisema maji ilikuwa poa?"

"Ilikuwa poa sana," akasema mama mkwe. "Kwani nimekataa maji? Nimekuja na gauni moja. Mnataka nikae hapa nikivaa gauni moja mpaka lini? Twende nichukue nguo. Na blanketi, hizi zenu ni nyepesi."

Mama Shiru alisimama, akaenda jikoni, nikasikia amefungua mfereji kwa nguvu zote ili tusisikie analia.

Mama mkwe akavuta chupa ya chai, akajimiminia. "Mwalimu," akasema, "wajua kitu nilikuwa naogopa hapa kwenu? Sio maji. Nilikuwa naogopa kukaa na mtu anajua kila kitu." Akapuliza chai. "Nimeona hujui. Nitakaa."

Basi niko hapa kwa gari nawangoja tuanze safari ya Mwiki. Wamechelewa kidogo kwa sababu Shiru alisema anaoga kwanza, na mimi sina la kusema. Funzo langu ni dogo tu: ukiona watu wa nyumba yako wamekutii miezi minane bila swali hata moja, usijisifu, waulize ni nini wanachojua. Mkitaka kucheka, chekeni. Ila nawaomba kwa magoti yote mawili, mwalimu wetu wa fizikia asitumiwe hii.